Mu Iyi Chungu Muko Nini?

Picha ya kwanza ya bango tuliipiga vibaya. Ilikuwa 2009, na sisi wanafunzi wa chuo kimoja cha Uvira, mji wa Kongo-Kinshasa kando ya Ziwa Tanganyika, tulikuwa tukiandaa *La Marmite de Koka-Mbala* ya Guy Menga wa Kongo-Brazzaville, habari za ufalme ambako kwa jina la chungu cha mizimu vijana wanahukumiwa kufa. Tulijipanga mstari, mikono ubavuni, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Tukatoa fotokopi 40, tukazibandika sokoni Mulongwe, Kavimvira na njia ya bandari ya Kalundu. Fotokopi haina huruma na ngozi nyeusi: nyuso zote ziligeuka doa la wino lenye meno. Nilisimama saa nzima kando ya muuza mikate. Hakuna aliyetazama mara mbili.

Iliniuma. Mji huu umezika vijana wengi tangu vita vya 1996, na mchezo ulikuwa na neno kwao.

Tulimwendea mpiga picha za pasipoti, mzee wa maneno machache. Akasema picha ipigwe alfajiri, ufukweni. Uvira jua linatoka ziwani, upande wa Burundi, na alasiri milima ya Mitumba inalificha mapema. Mwanga wa kuaminika ni ule wa asubuhi, unaokuja chini-chini juu ya maji na kuchonga uso. Mama mmoja muuza maharage alituazima chungu chake, cheusi kwa masizi. Mwenzetu aliyeigiza Bitala, kijana anayehukumiwa, alipoanza kutabasamu, mzee alimkatiza: "Mtoto wangu, usicheke. Sikiliza." Kijana akatega sikio kwenye mdomo wa chungu. Ikapigwa hiyo hiyo.

Wavuvi waliokuwa wakishusha ndagala walisogea. Mmoja akauliza, "Mu iyi chungu muko nini?" Swali lake tukaliandika juu ya picha, herufi kubwa, jina la Kifaransa likashuka chini.

Hapo ndipo kazi ilipozidi. Tumewauliza watu kwa Kiswahili, tutawajibuje kwa Kifaransa kitupu? Wiki mbili tulikesha tukitafsiri hukumu ya Bitala na kumtafutia mchezo msimulizi. Baadhi ya wenzetu walinuna, wakiona tunashusha hadhi ya chuo. Mimi naamini hadi leo kwamba picha ile ndiyo iliyotufundisha mchezo wetu wenyewe. Tarehe nayo tuliisogeza hadi mwezi mpevu, maana mbalamwezi ikijaa, taa za wavuvi hazivuti samaki na mitumbwi inabaki nchi kavu.

Walikuja. Papa yule aliyeuliza alikaa benchi la mbele na wanawe wawili. Mama wa maharage alipoona chungu kinaingizwa jukwaani, alisimama akawageukia watu wote: "Ile ni yangu!" Ukumbi ukapiga makofi kabla hatujasema neno.

Bitala alingoja kelele zitulie, akapiga magoti, akatega sikio.