Kianzio Kabla ya Filamu

Tulipomzika mzee aliyenifundisha kazi, vijana wa kamera walinizunguka wakauliza alikuwa akitoza shilingi ngapi kwa harusi. Nawajibu hapa.

Nilizaliwa Tanga, nikaja Dar es Salaam kwa mjomba, nikaingia studio moja ya Kariakoo kufagia. Hayo yanatosha.

Mzee hakutaja bei kabla ya kufungua daftari. Aliandika: filamu za picha 36, betri za flashi, kusafisha, kuchapa posta kadi, albamu, posho ya msaidizi, teksi ya kurudi usiku daladala zikiwa zimeshalala. Akapiga mstari, kisha akaongeza fungu la Kwaresima na Ramadhani. Kwaresima Wakatoliki kwa kawaida hawafanyi harusi, na Waislamu wengi husubiri Mfunguo Mosi. Pango la studio halisubiri. Kwa hiyo harusi za Desemba ndizo zilipe miezi mikavu, na mpaka leo sijaona hesabu bora kuliko hiyo.

Mwenzangu niliyejifunza naye alipinga. Yeye alitazama ukumbi: Diamond Jubilee bei yake, uani Temeke bei yake, na aliyembembeleza akapunguziwa. Alipata kazi kunizidi, sikatai, nyingine akizichukua baada ya mimi kukubaliana na kamati ya harusi. Lakini filamu ya Temeke ina picha 36 zilezile. Alipouza kamera yake alipe deni la maabara, niliyeinunua ni mimi.

Malipo, mzee alidai nusu kabla filamu haijaingia kwenye kamera, na nusu kabla ya keki kukatwa. Si kesho yake! Kamati ikishavunjwa, mweka hazina hana tena hazina, na bwana harusi anakwambia yeye hakuwa mjumbe. Kuna albamu iliyokaa rafuni kwangu mpaka maharusi wakapata mtoto wa kwanza.

Kazi nazo zilitoka meza za nyuma, kwa mashangazi na majirani ambao wapigapicha wengine waliwapita. Niliwapelekea posta kadi nyumbani, nyuma kuna mhuri wa wino wa zambarau: jina la studio na sanduku la posta. Shangazi ana mabinti wa kuoza, na kwenye kikao cha kamati yeye ndiye anayesikilizwa.

Ninyi mnaopiga bure ili mtangazwe Instagram, mnajiua na mnatuua. Kadi ya kumbukumbu imeondoa filamu. Haijaondoa lenzi, kompyuta, umeme, wala usiku kucha wa kuhariri. Mpishi wa harusi hiyohiyo hakubali kulipwa matangazo. MC hakubali. Kwa nini ninyi? Mteja akisema fulani ni nafuu, msimseme fulani, wala msishushe bei papo hapo. Mfungulieni daftari, mumuulize aondoe nini: albamu, msaidizi, au saa mbili za ukumbini. Akimwondoa msaidizi, bei ishuke kwa posho ya msaidizi, basi.