Swali kwa Mgombea

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, kando ya Ziwa Edouard, mfupa mdogo wenye alama zilizochongwa kwa mafungu. Umri wake ni miaka ipatayo 20,000, na wengi huuona kuwa ushahidi wa kale wa kuhesabu. Leo umehifadhiwa Brussels.

Nimesikiliza kampeni nyingi. Wagombea huahidi barabara, maji na umeme. Udongo wetu hutajwa kwa ajili ya madini tu. Urithi wa mababu hawautaji, kwa kuwa hatuwaulizi. Hata hivyo Katiba ya 2006, kifungu cha 46, inaiagiza Serikali kuulinda, na wabunge ndio wanaopitisha bajeti. Barabara ikichelewa, itajengwa mwakani. Kaburi la kale likivunjwa, halirudi.

Basi mgombea akifika kwenu, mwulizeni kwa heshima: kabla ya mgodi kufunguliwa, nani atachunguza kilichozikwa pale? Makumbusho ya jimbo atayatetea kwa fedha gani? Jibu lake liandikeni pamoja na tarehe. Baada ya miaka 5 atakaporudi kuomba kura, msomeeni.