Nguzo Fupi Ndiyo Inaumia

Juzi anko wangu alikaa siku nne bila kunisemesha. Haikuwa pesa, haikuwa shamba. Ilikuwa nguzo mbili.

Iko hivi. Anko ameendesha matatu tangu nikiwa mtoto, na kila shilingi aliyoweka kando imeenda kwa nyumba moja huko Subukia, kaunti ya Nakuru. Ploti iko kwa mteremko. Kwa hivyo nguzo mbili za upande wa bonde zina mita 3 kabla ya kufika kwa slabu, na mbili za upande wa mlima zina mita 1.5 tu. Fundi alikuwa amepanga kujaza vyuma kwa zile ndefu, halafu za nyuma azipunguzie ringi zisile pesa bure. Hoja yake: kitu kifupi hakivunjiki. Anko akakubali. Mimi, mwanafunzi wa ujenzi mwaka wa tatu, nikasema hapana. Tena mbele ya fundi, na hapo najua nilikosea adabu.

Kwa uzito unaoshuka chini, fundi ako sawa. Nguzo ndefu na nyembamba ndiyo ya kuogopa. Shida ni nguvu inayosukuma nyumba kutoka kando, kama tetemeko. Na usiniambie hiyo ni mambo ya Japani. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la karibu 6.9 lilipiga huko huko Subukia, na ndilo kubwa zaidi kuwahi kupimwa Kenya.

Sasa, wengi wetu tunadhani nguzo nne zinagawana msukumo vile wasee wanne wanachangia nyama choma, kila mtu robo. Zii. Slabu ikisukumwa inasonga yote pamoja, kama meza. Kichwa cha kila nguzo lazima kisonge umbali uleule, ipende isipende. Nguzo ndefu inapinda kidogo tu, haina stresi. Fupi inakataa kupinda, na ile inayokataa ndiyo inabebeshwa. Kama unene ni sawa na biimu za juu ni ngumu, ukikata urefu nusu, ugumu hauongezeki mara mbili. Ni 2 mara 2 mara 2. Mara 8!

Piga hesabu ya nyumba ya anko. Gawa msukumo wote vipande 18. Kila nguzo ndefu inachukua 1. Kila fupi inachukua 8. Yaani zile mbili za nyuma, zenye fundi alitaka kuzinyima ringi, zinabeba 16 kati ya 18. Na ringi ndizo zinazuia nguzo isikatwe mshazari. Ukiinenepesha hiyo fupi ndiyo iwe na nguvu, inazidi kuwa ngumu, na inavuta mzigo mwingine zaidi. Inachekesha, hadi ukumbuke kuna watu watalala hapo juu.

Wajapani walijifunza hii kwa uchungu. Tetemeko la Tokachi la Mei 1968 liliharibu majengo ya zege, yakiwemo ya shule, na nguzo fupi zikapasuka mshazari. Mwaka wa 1971 sheria yao ikadai ringi zikaribiane zaidi.

Anko hakutaka kusikia Japani. "Wewe umesoma vitabu, huyu amejenga miaka ishirini." Jioni nikachukua vijiti vya mshikaki, viwili virefu na viwili nusu, nikavidunga kwa viazi, nikaweka katoni juu. Nikamwambia binamu yangu asukume polepole. Vifupi vikalia ka! Virefu vikabaki vimeinama tu. Anko aliangalia, akarudi kutazama habari.

Siku ya tano anti ndiye alileta injinia, kwa pesa yake ya chama. Injinia akasema upande wa mlima uchimbwe, msingi ushuke, na udongo uzuiwe na ukuta wake mwenyewe usioguza nguzo, ndiyo zote nne zikaribiane urefu. Ringi zifungwe karibu-karibu kutoka chini hadi juu. Gharama ilipanda sana, na mabati yamesukumwa hadi mwaka ujao. Anko amenipigia simu, lakini ni kuniuliza kama nimekula. Mambo ya nguzo hataji.

Mimi nimerudi Nairobi, na sasa siwezi kutembea bila kuangalia. Chini ya keja ninayokaa ni parking. Kati ya nguzo kadhaa wamejenga ukuta wa mawe hadi nusu, wakaacha juu wazi hewa ipite. Ukuta umebana nguzo, kwa hivyo sehemu inayoweza kupinda ni ile nusu ya juu tu. Nguzo ndefu imegeuzwa kuwa fupi, na juu yake kuna ghorofa 6. Jana nilipima na futi nikijifanya natafuta paka. Keateka aliniona. Bado sijajua nitamwambia nini.