Wanalipa Kulala Katika Nyumba ya Udongo



Wengi wetu tulizaliwa katika nyumba ya udongo, na tangu utoto tumefundishwa kutamani siku ya kuihama. Juma hili tunawaletea habari za safari tuliyoifanya sisi wanne wa chama katika mashamba ya Ufaransa, kwa mwaliko wa wamama wakulima wa kule. Tulilala usiku sita katika nyumba tatu ambazo kwetu mtu angezipita bila kuzitazama mara mbili: ya kwanza ya udongo, ya pili ya sufu ya kondoo, ya tatu ya mbao juu ya mti. Katika kila moja, watu wa mjini walikuwa wameandikisha majina miezi mingi mbele ili wapate nafasi ya kulipa na kulala humo. Tuliuliza kwa nini. Tuliuliza pia zile fedha zinaingia mkononi mwa nani.

Kwanza mjue desturi hii ilivyoanza. Mwaka 1936 serikali ya Ufaransa iliwapa wafanyakazi wa mshahara majuma mawili ya konje yenye kulipwa kila mwaka. Leo yamekuwa matano. Lakini familia nyingi za viwandani hazikuwa na fedha za hoteli. Wakati huohuo vijijini nyumba zilikuwa zinabaki tupu, maana vijana walikuwa wanakwenda mjini wala hawarudi. Mwaka 1951, katika milima ya kusini-mashariki, ikafunguliwa nyumba ya kwanza ya kijijini ya kupangishiwa wageni wa mapumziko, ile wanayoiita gîte. Mwaka 1955 wenye nyumba wakaungana katika shirikisho la Gîtes de France, ambalo lingali linafanya kazi. Hoteli hupimwa kwa nyota. Wao hupima nyumba zao kwa masuke ya ngano, tangu 1 mpaka 5. Hivyo mkulima alipata njia ya kuitengeneza nyumba ya babu yake, familia ya mjini ikapata pumziko la bei nafuu, na kijiji kikapata wanunuzi wa maziwa na mkate.

Nyumba ya udongo, katika jimbo la Isère

Kutoka mji wa Lyon tulikwenda upande wa kusini-mashariki, tukafika katika mashamba ya kaskazini mwa Isère. Huko nyumba na maghala mengi ya zamani yamejengwa kwa udongo mtupu, kwa ufundi unaoitwa pisé. Wanasimamisha mbao mbili zikikabiliana kama sanduku lisilo na chini, wanatia udongo wenye unyevu kidogo, wanaushindilia mpaka uwe mgumu kama jiwe, kisha wanapandisha mbao na kuanza tena. Hakuna tofali la kuchoma, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya tanuru. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa mnene kama mkono tangu kiwiko mpaka ncha ya vidole. Mchana tulipotoka juani, ndani mlikuwa baridi. Usiku nje kulipopoa, ndani mlikuwa na joto.

Wajenzi wa kule wana msemo: nyumba ya udongo inahitaji viatu vizuri na kofia nzuri. Viatu ni msingi wa mawe unaouinua ukuta usikae majini. Kofia ni paa linalotoka mbele ili mvua isiupige ukuta. Tuliposikia hayo tulitazamana sisi kwa sisi, kwa kuwa nyumba ngapi za kwetu zimeanguka kwa kukosa mambo hayo mawili tu! Na msifikiri ni mambo ya wazee wa vijijini peke yao. Katika mji wa Grenoble, kituo kiitwacho CRAterre kinachunguza na kufundisha ujenzi wa udongo tangu mwaka 1979, na huko Villefontaine, mwaka 1985, ulikamilika mtaa wa nyumba 65 za udongo kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo. Udongo ule tunaouonea haya, wanafunzi wa chuo wanausomea.

Mama mwenye nyumba alitueleza kwamba bei ya maziwa ilipoanguka, mumewe alitaka kulibomoa ghala na kuuza kiwanja. Yeye akaomba apewe miaka miwili. Pamoja na binti zake alitengeneza kuta kwa udongo na chokaa, akapata vyumba vitatu. Sheria ya kule inasema anayepokea wageni nyumbani kwake kwa namna hii asipite vyumba 5 wala watu 15 kwa mara moja, ajiandikishe kwa meya, na kila mgeni apate shuka safi na chakula cha asubuhi. Bei ilikuwa imebandikwa ukutani: euro 80 kwa watu wawili kwa usiku mmoja. Juu yake mgeni huongeza kodi ndogo ya kila usiku inayokwenda kwa komine.

Jioni tulikaa mezani pamoja na mama mkwe wake, bibi wa miaka 84. Huyo ndiye aliyetufundisha jambo kubwa kuliko yote ya safari. Alituambia: “Nilikamua ng'ombe asubuhi na jioni kwa miaka arobaini. Kwenye karatasi waliandika kwamba sina kazi.”

Tulidhani tumesikia vibaya. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mpaka sheria ya tarehe 13 Julai 1965, mwanamke wa Ufaransa aliyeolewa alihitaji ukubali wa mumewe ili afanye kazi au afungue konti ya benki. Wake wa wakulima walingoja zaidi. Mwaka 1980 sheria ilianza kuwatambua kama washiriki wa kazi ya shamba, na mwaka 1999 ikawapa cheo cha msaidizi wa mume mwenye haki zake, hata za malipo ya uzeeni. Bibi yule alipata sehemu ndogo sana, maana miaka yake mingi haikuandikwa popote. Ndiyo sababu mke wa mwanawe alipofungua vile vyumba vitatu, alimpeleka mwenyewe kwa mkono ofisini: karatasi iandikwe kwa jina la mama, konti iwe ya mama, na kila mwaka mama achange kwa ajili ya uzee wake.

Kwetu pia, Kodi ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufunga mapatano ya sheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo, ikaweka kwamba mume na mke wasikilizane. Wamama wengi bado hawajaambiwa. Mwenye kusoma habari hii amwambie jirani.

Nyumba ya sufu, karibu na Die

Kutoka Valence kuna treni inayofuata mto Drôme mpaka mji mdogo wa Die, chini ya majabali ya mlima Vercors. Huko tulilala katika yurti, nyumba ya duara ya wachungaji wa Asia ya Kati. Ina mifupa ya fito zilizosukwa, imevikwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, na juu yake turubai. Watu wachache huisimamisha kwa siku moja, na ikiondolewa majani huota tena mahali pake. Mwenyeji wetu ni mfugaji wa mbuzi anayetengeneza jibini ndogo za duara zinazoitwa picodon. Yurti mbili zinamletea fedha wakati mbuzi hawana maziwa.

Umeme ulitoka kwa bamba la jua, maji ya kuoga kwa pipa linalopashwa na jua. Maji machafu ya kuoga na ya vyombo yalipita katika bwawa la changarawe lililopandwa matete, yakasafika humo. Na choo kilikuwa kikavu: kiti safi cha mbao, ndoo chini, na kando yake unga wa mbao wa kufunika kila mara mtu anapomaliza. Hapakuwa na harufu wala nzi. Choo cha kumwaga maji humeza litre 6 mpaka 9 na zaidi kwa mara moja. Ninyi mnaopandisha kilima na bidoni la litre 20 mgongoni, fanyeni hesabu: lingekwisha kwa mara mbili au tatu. Pale Ulaya penye bomba katika kila nyumba, watu wameanza kuyahurumia maji.

Lakini tusikilizane vizuri. Yule mama huuacha uchafu huo ukaoza kwa miaka miwili mahali palipofunikwa, mbali na chemchemi, kisha huutia kwenye miti, kamwe si kwenye mboga. Kwetu, penye kipindupindu, asiige mtu jambo hili bila kuongea kwanza na watu wa afya wa kituo chake. La kuiga leo leo ni usafi: choo kifunikwe, na maji na sabuni viwe mlangoni.

Nyumba juu ya mti, Ardèche

Tulivuka mto Rhône tukapanda Ardèche. Milima yake ilitukumbusha ya kwetu, kwa sababu wazee wa kule walikata miteremko kuwa ngazi na kuishika kwa kuta za mawe yasiyo na saruji, ili udongo usichukuliwe na mvua. Chakula chao kilikuwa njugu za mchatanya, mti mkubwa waliouita mti wa mkate. Walizikausha kwa moshi na kuzisaga unga, kama sisi na muhogo. Mwaka 1861 jimbo lilikuwa na watu karibu 388,000. Miaka mia moja baadaye walibaki kama 250,000. Kuta nyingi zilianguka kwa kukosa wa kuzitengeneza.

Chumba chetu kilikuwa cha mbao, kimekaa katika matawi ya mchatanya wa zamani, na ngazi yake ilitutetemesha magoti. Asubuhi chakula kilipanda kwa kamba ndani ya kikapu: mkate, jemu ya njugu, maziwa ya moto. Tulicheka kama watoto. Kwa fedha za wageni familia ile imesimamisha tena kuta za ngazi nne za shamba, na mti ambao ungekatwa kuwa kuni sasa unalindwa kama ng'ombe wa maziwa.

Hatutaficha upande mwingine. Jumamosi tulimwona mama wa pale tangu alfajiri: wageni wanaondoka saa nne, wengine wanaingia saa kumi jioni, na katikati kuna shuka, vyoo, jiko, ufagio. Mikono yake ni kama yetu. Alitueleza pia kwamba vijana wa kijiji hawapati nyumba ya kupanga, kwa kuwa wenye nyumba wanapenda mgeni wa juma moja anayelipa zaidi. Kijiji kikiwapa wageni nyumba zote, mwalimu wa shule atalala wapi?

Tuliyorudi nayo

Hatusemi kesho tuanze kungoja watalii. Lakini wageni tunao tayari: wanaokuja kwa harusi na kwa matanga, walimu wanaokuja kusahihisha mitihani, wauguzi wa semina, wamama wa vikundi vya mbali wanaolala sakafuni kwa jirani. Chumba kimoja cha udongo chenye msingi wa mawe, paa lenye kutoka mbele, kitanda, chandarua, shuka safi, maji ya moto ya kuoga na choo kisichonuka, mtu atakilipia kwa furaha. Hayo yote twaweza kuyafanya kwa mikono yetu na kwa mkopo mdogo wa MUSO, bila kuchoma tofali hata moja.

Kuna jambo ambalo haligharimu hata franga mia, nalo ndilo alilotuachia yule bibi wa miaka 84. Katika mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kilete daftari, na kila mama ajibu mbele ya wenzake: kazi ninazofanya tangu asubuhi mpaka usiku ni zipi, na ni ipi kati yake iliyoandikwa mahali kwa jina langu? Karani aandike majibu yote, hata ya yule atakayesema hana kazi. Huyo kwanza tumuulize nani alipika chakula cha jana.