Pointi Nisizozichukua

Kazi yangu ni kutembea na GPS ya mkononi kwenye mipaka ya misitu ya vijiji, Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, nikichukua pointi ambazo baadaye huwa ramani. Ramani hiyo huingia katika faili ya jamii inayoomba serikali iutambue msitu wake. Mlango huo ulifunguliwa na amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014: jamii inayomiliki msitu kwa mila inaweza kupewa konsesheni ya hadi hekta 50,000, bure na bila kikomo cha miaka, kwa hati anayoisaini gavana wa mkoa. Bila ramani hakuna faili. Na ramani ya namna hii haichorwi mtu akiwa ameketi Goma. Lazima afike kwa miguu kwenye mto, mwamba, mti na kilima ambavyo wazee huvitaja wanapoeleza kwao kunaishia wapi.

Wengine hutumia kifaa hikihiki kwa matembezi ya mapumziko, kupanda mlima na kurudi jioni. Ufundi wa kukishika ni mmoja. Lakini Masisi na Walikale kila pointi ina mtu ambaye inaweza kumfaa na mtu ambaye inaweza kumwumiza, na ninaamini hakuna anayeijua kazi hii mpaka ajue pointi zipi aziache. Kabla ya hapo, niseme kifaa chenyewe kinavyofanya kazi kwetu.

Ninatumia Garmin ya vitufe inayokula betri mbili ndogo za tochi, zile zinazopatikana hata kwenye kibanda cha sokoni Nyabiondo. Vijana huniuliza kwa nini situmii simu. Simu nayo husoma satelaiti bila mtandao, hilo ni kweli. Lakini ikizima katikati ya msitu hakuna pa kuichaji, skrini yake haisikii kidole kilicholowa, na simu nzuri humvutia kila mwenye bunduki njiani.

Satelaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kifaa kinahitaji kusikia nne angalau ndipo kijue kiko wapi. Hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi wanayoyapata raia. Tangu siku hiyo, mahali peupe kosa huwa mita tatu hadi tano. Mahali peupe kwetu ni malisho ya Masisi, juu vilimani kwenye ng'ombe, ambako anga lote liko wazi. Ukielekea magharibi kupita Nyabiondo nchi huanza kushuka, miti hukutana juu ya kichwa, na kosa la mita nne hufika ishirini au thelathini. Majani yaliyolowa hudhoofisha mawimbi. Ukuta wa bonde huyarudisha, yakafika kwa njia ndefu, na kifaa kikahesabu umbali ambao si wake.

Dawa yake ni kusimama. Anayechukua pointi huku akitembea chini ya miti amechukua kelele. Mimi huinua kifaa juu ya kichwa, nikasubiri namba ya usahihi itulie, kisha nikakiachia kitafute wastani wa pointi ileile kwa dakika kadhaa, na ikiwezekana nikarudia wakati wa kurudi, satelaiti zikiwa zimehama. Kama kuna mti ulioanguka karibu na mwanga unaingia, pointi huchukuliwa pale kwenye mwanga, halafu hupimwa kwa dira na kamba hadi kwenye alama yenyewe, na yote huandikwa daftarini. Ni kazi ya polepole. Wenzangu wanaobeba mizigo hukaa chini wakapumzika, nami siwahimizi.

Namba zenyewe zina mitego. Masisi centre na Walikale centre ziko karibu kwenye mstari mmoja, digrii moja na dakika ishirini na kitu kusini mwa ikweta. Mtu akiona dakika 24 akaziandika kama 1.24, badala ya 1.40, ameuhamisha mji kwa zaidi ya kilomita 17, kwa sababu digrii ina dakika sitini wala si mia. Ndiyo maana kwa misitu tunapenda UTM, inayohesabu kwa mita: ukanda wa 35, herufi M. Wanaofanya kazi Lubero na Butembo wana shida ya ziada, maana ikweta inapita kwao, na herufi moja ikikosewa pointi huruka maelfu ya kilomita. Ramani za zamani nazo zilichorwa kwa vipimo vingine vya umbo la dunia. Pointi ya leo ikiwekwa juu yake bila kubadilisha hesabu husogea mamia ya mita, na mita mia tatu zinatosha kabisa kuhamisha shamba la familia kutoka ukoo mmoja hadi mwingine.

Halafu kuna umbali. Kati ya miji hiyo miwili kifaa kitakuambia kilomita themanini na kidogo, na mshale wake utakuelekeza moja kwa moja juu ya majabali, vinamasi na mto Lowa uliofurika. Mtu wa huku hasafiri hivyo. Kwa hiyo kando ya kila pointi ninaandika saa: mwendo wa mtu mikono mitupu, na mwendo wa mama mwenye mzigo wa mihogo na mtoto mgongoni. Wahudumu wa afya wa Kibua na Pinga wanaelewa haraka faida ya safu hiyo ya pili. Mjamzito anayehitaji kufikishwa kwenye kituo hafikishwi kwa kilomita.

Sasa watu. Walikale ina ukubwa wa kilomita za mraba 23,475, ndiyo teritware kubwa kuliko zote Kivu Kaskazini, na chini ya ardhi yake kuna kasiteriti. Masisi kuna koltani ya Rubaya. Mgeni mwenye kimashine kinachowaka mkononi anahesabiwa kuwa mtafuta madini, au mpelelezi, na mara nyingi wanaomshuku wana sababu. Ndiyo maana nikifika siingii msituni. Ninakwenda kwanza kwa shefu wa lokalite, naye hunipeleka kwa wazee, na kifaa ninakiweka mezani kikiwa kimewashwa. Kila mtu anakishika. Wamama huwa na maswali makali kuliko wote. Swali linalorudi kila mahali ni hili: hiki kitaita ndege au droni? Ninajibu kwamba hakitumi chochote. Kinasikiliza tu, kama redio. Lakini sikomei hapo, kwa sababu kukomea hapo ni kuwadanganya nusu. Ninawaambia pia kwamba kila ninachoandika humo kinabaki humo, na atakayekinyang'anya atakisoma.

Kutembea mpaka lazima kufanyike pande zote mbili zikiwepo. Wazee wa huku na wazee wa kule, njia moja, siku moja. Nikitembea na upande mmoja nimetengeneza silaha. Kilima kikiwa na jina la Kihunde na jina la Kinyarwanda, au la Kinyanga na la Kitembo, yote mawili huandikwa, kwa herufi za ukubwa mmoja, na wazee hutazama skrini kuhakikisha. Wakishindwana sichukui pointi ya mpaka. Ninachukua mahali pa ubishi kama eneo, naliandika hivyo, na ramani inaonyesha wazi kwamba hapo watu bado wanazungumza. Kuna maofisa wasiopenda ramani yenye doa la namna hiyo, wanataka mstari safi. Mstari safi ambao haukukubaliwa umeshaua watu Masisi, na sitauchora.

Tunakuja kwenye pointi zinazoachwa. Makaburi ya bami, watawala wa kimila, na mahali pa jando huachwa. Wazee wakitaka yalindwe tunafunika eneo pana kwa rangi moja ya msitu uliohifadhiwa, bila alama ndani yake. Viota vya sokwe huandikwa kwa ajili ya walinzi tu, wala haviwekwi kwenye ramani inayobandikwa ukutani. Sokwe wa Grauer hawapo popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo, na hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria 6,800 tu. Mwindaji mwenye namba za viota hahitaji tena mfuatiliaji.

Na kuna maficho. Kila kijiji nilichofanyia kazi kina mahali ambapo watu hukimbilia risasi zikianza: kijito fulani, pango, shamba la ndizi lililoachwa porini. Wakati mwingine mpaka wa msitu unapita hapohapo, na njia ya kwenda huko ndiyo njia yetu. Hapo sizungumzii pointi peke yake. Kifaa huandika chenyewe treki ya mwendo wako kila baada ya sekunde chache, pamoja na tarehe na saa, hata kama hukubonyeza kitu. Wengi wanaojifunza hawalijui hili. Treki lazima isimamishwe. Tena haitoshi kuisimamisha mlangoni pa mahali penyewe, kwa sababu mstari unaokatika na kuanza tena hatua mia mbili mbele humwonyesha msomaji mjanja kile kilichofichwa. Isimamishwe mapema, ianze mbali, na penye mkato huo pasiwe na umbo la kueleweka. Mama mmoja wa kamati ya msitu ya kijiji ndiye aliyetuwekea kanuni kwamba mahali pa kuisimamisha treki huamuliwa na wanaokimbilia huko, maana wao ndio wanaojua mtu anaweza kufuata nini.

Tangu mwaka 2024 jambo hili limekuwa zito zaidi. Rubaya iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili mwaka huo, Goma ikafuata Januari 2025, na mwezi Machi waliingia hadi Walikale centre kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Kijiji kinaweza kulala chini ya wenye silaha hawa na kuamka chini ya wale. Mahali pengine mawimbi yenyewe yamevurugwa, hata MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini, imelisema wazi. Kwa hiyo kabla ya kuamini chochote ninasimama kwenye pointi ninayoijua, mlango wa kanisa au nguzo ya daraja, nikalinganisha. Kifaa kikinihamisha mbali na pale, siku hiyo hatufanyi kazi.

Sibebi pointi za zamani kwenye kifaa. Jioni tunakaa na katibu wa kamati, ninamsomea namba moja moja, naye anaziandika kwa kalamu ya wino katika daftari la kijiji, safu ya mashariki na safu ya kaskazini, kisha ananisomea yeye nami nahakikisha. Nakala moja hukaa kwake na nyingine kwa upande wa pili wa mpaka. Ndipo ninapofuta. Inachosha, hasa mvua ikinyesha na taa ikiwa ndogo, na waliozoea kompyuta huona ni kupoteza muda. Lakini kuna kijiji kilichokimbia na kikaporwa kila kitu, ramani iliyobandikwa ofisini ikiwemo. Daftari lilisafiri ndani ya kikapu cha nguo. Waliporudi tulilifungua, tukapanga upya pointi za mpaka kwa karatasi ya miraba na rula, na wazee wa upande wa pili walikuja na la kwao. Namba zililingana. Faili ikaendelea kutoka pale ilipoishia, na sasa inangoja msimu wa mvua chache, Juni hadi Agosti, ili tukamalizie upande wa mtoni.