Maziwa Mabichi na Maziwa Yaliyopata Moto

Wako watu katika mji wetu wauonao moto kuwa ni adui wa maziwa. Husema kuwa maziwa yakamwayo alfajiri, yakanywewa yangali vuguvugu, ndiyo yenye nguvu, na haya ya pakiti ni maji meupe tu. Wengine huongeza hoja ya dini: Mwenyezi Mungu ameyataja maziwa katika Surat An-Nahl, aya ya 66, kuwa ni kinywaji safi, basi kwa nini tukitie moto kile alichokisafisha Mola?

Hoja hii niliulizwa na mzazi wa mwanafunzi wangu, naye aliiuliza kwa moyo mwema. Nilimjibu kuwa mbuzi aliyechinjwa kwa Bismillahi ni halali, wala hatumli mbichi. Uhalali ni jambo moja, na maradhi ya mnyama ni jambo jingine.

Mtoto wake alikuwa leo yuko chuoni, kesho hayuko. Homa ilimpanda jioni, usiku akatoka jasho, asubuhi akaamka kama mzima, ila viungo vikimuuma mithili ya mzee. Alipewa dawa ya malaria mara tatu. Mwisho damu yake ikapimwa, ikaonekana ni brusela, ugonjwa uwafanyao ng'ombe na mbuzi kutupa mimba. Akameza dawa muda wa wiki sita.

Ugonjwa huo si mpya. Kisiwani Malta uliwatesa sana askari wa Uingereza. Daktari wa jeshi, David Bruce, alikipata kijidudu chake mwaka 1887, lakini ilikuwa mwaka 1905 ndipo Themistocles Zammit, mwenyeji wa kisiwa kile, alipotambua kuwa kimo katika mbuzi, nao mbuzi wenyewe wakionekana wazima. Askari walipokatazwa maziwa yale mwaka 1906, homa ikapungua mno. Basi yule asemaye, "Ng'ombe wangu namjua," amjua kwa macho tu.

Kiwandani maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa upesi na kuwekwa penye baridi. Ustadi huu ni wa Mfaransa Louis Pasteur, aliyeuanzisha katika miaka ya 1860 (na alianzia kwenye mvinyo, jambo lililowachekesha wanafunzi wangu). Wala maziwa hayageuki maji: protini na madini ya chokaa hubaki. Kipunguacho ni vitamini kidogo, hasa vitamini C, ambayo tangu hapo maziwa hayana nyingi.

Ladha hubadilika, hilo nakubali. Tena maziwa mabichi huganda yenyewe, na ya kiwandani yakiachwa huoza yakawa machungu. Atakaye mtindi ayachemshe kwanza, yapoe, kisha ayatie kijiko cha mtindi mzuri wa jana.

Na asiyeweza kununua ya pakiti asione unyonge, kwani sufuria ya nyumbani yatosha. Yakisha kufura na kuchemka, punguza moto, koroga, yaache dakika chache, kisha funika. Malai yatakayoganda juu wape watoto; kwangu hugombewa.