Kuua na Kuponya

Katika miaka ya 1990, malaria ilirejea kwa kishindo katika mashamba ya chai ya Kericho. Miongoni mwa sababu, watafiti walitaja usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini. Mwaka 1998 Kenya ikaiondoa kuwa tiba ya kwanza.

Je, dawa mpya hupimwaje? Damu yenye vimelea hutiwa katika vishimo vya sahani, kila kishimo na dawa iliyozimuliwa zaidi. Baada ya saa 72 huongezwa rangi inayong'aa ikikutana na vinasaba. Chembe nyekundu za binadamu zilizokomaa hazina vinasaba. Mng'ao, basi, ni wa kimelea. Kiwango kinachopunguza ukuaji kwa nusu ndicho kipimo cha nguvu ya dawa.

Hata hivyo, sahani haina ini wala figo. Kinachoua kimelea humo chaweza kumdhuru mchuma chai wa Bomet. Ndiyo maana majaribio huendelea kwa wanyama, kisha kwa binadamu. Kiswahili hutenganisha kuua na kuponya. Mwenye kuwafasiria wananchi habari za maabara asivichanganye vitenzi hivyo: mgonjwa akiahidiwa uponyaji mapema, huenda akaitupa dawa inayomfaa.